Kiapo kimefanyika Kinshasa, Kisangani inauliza: nguvu imebaki wapi?

Alhamisi tarehe 24 Januari 2019, kwenye saluni moja ya kunyoa katika komini ya Mangobo, mashine za kunyoa zilizimwa ili gurupu ibebe televizio peke yake. Mwenye saluni aliomba kila mtu achange franka kidogo za mafuta, na walio wengi walichanga. Waliokosa nafasi ndani walisimama nje, vichwa dirishani. Vijana wa toleka walipanga pikipiki zao kando ya barabara, wakaacha wateja waende na miguu. Kinshasa iko nyuma ya Kisangani kwa saa moja, kwa hiyo waliofika mapema walingoja sana, na katika kungoja huko maneno yalikuwa mengi kuliko picha.

Félix Antoine Tshisekedi Tshilombo alipokula kiapo mbele ya waamuzi wa Mahakama ya Katiba, watu walipiga makofi. Lakini makofi makubwa hayakuwa hayo. Yalikuja baadaye kidogo, Joseph Kabila alipomkabidhi bendera ya taifa na kitabu cha katiba. Hapo hata waliokaa walisimama. Mwalimu mmoja mzee, wa pansio, alinyoosha kidole kwenye kioo na kusema kwa sauti: «Muangalie muzuri, bana yangu. Ule anatoka na miguu yake, ule anaingia na miguu yake. Niko na miaka 71, hii sijaionaka.»

Mzee huyo hakukosea hesabu. Kasa-Vubu, rais wa kwanza, aliondolewa na Mobutu tarehe 24 Novemba 1965. Mobutu naye alikimbia Mei 1997, majeshi ya AFDL yakiwa yanakaribia Kinshasa. Laurent-Désiré Kabila aliapishwa tarehe 29 Mei mwaka huo bila mtu wa kumkabidhi kitu, kwa sababu aliyetangulia alikuwa amekwisha kuondoka. Tarehe 16 Januari 2001 akapigwa risasi ofisini kwake, na siku kumi baadaye mtoto wake, kijana wa miaka 29, akala kiapo. Mwaka 2006 na mwaka 2011 ni Joseph Kabila aliyejipokea mwenyewe. Basi tangu tarehe 30 Juni 1960 Wakongomani walikuwa hawajaona marais wawili, wa zamani na wa mpya, wako hai wote wawili, wamesimama pamoja, mmoja anampa mwingine kazi.

Kwa mtu wa Kisangani jambo hilo lina uzito wake wa pekee. Mji huu una kalenda yake. Kila Kinshasa ilipotetemeka, hapa watu walifunga mabunda. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliingia Stanleyville mwezi wa Agosti, na mwezi wa Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Machi 1997 AFDL iliuchukua mji miezi miwili kabla ya Kinshasa. Agosti 1998 waasi wa RCD wakafika. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana humu humu kwa siku sita. Na Mei 2002, baada ya askari kuasi, watu wengi waliuawa, na Mangobo ndiyo iliyolia kuliko komini nyingine. Mama mmoja aliyekuwa ameleta lituma na samaki kuuza mlangoni pa saluni alisema kwamba kwake sherehe ni hii: rais amebadilika na watoto wake wako nyumbani, hakuna aliyeenda kujificha porini.

Kwa hiyo furaha ya Alhamisi ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa ya namna moja, na wanaosema kwamba Kisangani nzima ilicheza siku ile wanaongeza chumvi. Wako waliocheza kwa sababu Tshisekedi ameingia: wapiganaji wa UDPS, wenye kofia nyeupe, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1982 na kilikuwa kimengoja miaka 36. Wako waliocheza kwa sababu Kabila ametoka, na hao ndio walikuwa wengi kwenye saluni ile. Na wako ambao hawakucheza kabisa.

Tuanze na hao wa kwanza, maana historia yao ni ndefu. Desemba 2011 Kabila aliapishwa tarehe 20. Rais wa nchi aliyefika siku ile ni Robert Mugabe peke yake. Étienne Tshisekedi, aliyekataa matokeo, alitaka kuapishwa kwenye uwanja wa Martyrs tarehe 23. Polisi ikafunga njia, naye akajiapisha nyumbani kwake Limete, mbele ya watu wake wachache. Mzee huyo alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, na mpaka siku ya kiapo cha mtoto wake, karibu miaka miwili, maiti yake ilikuwa haijarudi Kongo. Ndiyo maana wapiganaji wazee wa UDPS hapa Kisangani walilia machozi walipomwona mtoto wake amesimama Palais de la Nation. Walikuwa wanamwangalia mtoto, lakini waliyemwona ni baba.

Palais de la Nation yenyewe si jina geni kwa mji huu. Ni pale ambapo tarehe 30 Juni 1960 Patrice Lumumba alisema maneno yake mbele ya mfalme wa Ubelgiji. Lumumba alifanya kazi ya posta hapa Stanleyville, na hapa ndipo chama chake kilikuwa na nguvu zaidi. Baada ya miezi saba aliuawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Mwalimu wa Mangobo alikumbusha jambo hilo wakati wa kungoja, vijana wakamwambia: «Papa, hapana leta maiti ku sikukuu.» Akacheka, akanyamaza.

Halafu ikaja ile dakika ambayo imesemwa kila pahali nchini. Katikati ya hotuba, Tshisekedi alisimama kusoma. Akajisikia vibaya, akakatiza, akakaa. Saluni ikawa kimya kabisa, hata nje kwenye pikipiki. Mtu mmoja akanong'ona kwamba wamempa sumu. Mwingine akasema hapana, ni njaa, hawakumpa chakula tangu asubuhi. Baada ya dakika chache rais alirudi na kumaliza hotuba yake, na watu wake walieleza kwamba koti la kuzuia risasi alilovaa ndani lilikuwa limembana sana. Maelezo ni mepesi na yanaeleweka. Lakini kile kimya kina jambo la kufundisha. Katika nchi ambayo kupokezana kumefanyika mara moja tu, watu hawajazoea kuamini kwamba sherehe itafika mwisho. Kila mmoja alikuwa anangoja kitu kiharibike. Rais kula kiapo huku amevaa koti la kuzuia risasi, hilo nalo ni habari.

Hotuba ilikuwa ya Kifaransa. Kwenye saluni kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa anatafsiri vipande vipande, mara Kiswahili, mara Lingala. Rais alisema anataka Kongo isiyo ya ukabila na chuki, ambayo kila mtu anapata nafasi. Alisema wafungwa wa siasa watahesabiwa ili waachiliwe. Alisema atapigana na rushwa. Alimsifu pia Kabila kwamba amekubali mabadiliko ya amani. Mafungu mawili ya kwanza yalipata makofi. Kwa rushwa watu waliguna. Walisikia hilo mara nyingi.

Na walisikia mengine pia. Wenye kumbukumbu hawasahau kwamba mwaka 2006 mashariki ilimpa Joseph Kabila kura nyingi mno. Alikuwa mtu anayesema Kiswahili, aliyeahidi mwisho wa vita. Furaha ya wakati ule haikuwa ndogo kuliko ya Alhamisi ile. Alikuja na kazi tano kubwa, zile «cinq chantiers», na maji na umeme vilikuwa mojawapo. Baada ya miaka kumi na miwili, watu wa Mangobo wameangalia kiapo cha mrithi wake kwa gurupu ya mafuta ya kuchanga, katika mji wenye bwawa lake la umeme kwenye mto Tshopo, lenye mashine tatu ambazo ilikuwa nadra kuziona zikizunguka zote pamoja.

Sasa kuhusu wale ambao hawakucheza. Tume ya uchaguzi CENI ilitangaza tarehe 10 Januari kwamba Tshisekedi amepata asilimia 38,57, Martin Fayulu 34,8, na Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Kabila, 23,8. Fayulu alikataa. Alienda Mahakama ya Katiba, akaomba kura zihesabiwe upya. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi 40 000 nchini kote, walisema kwamba matokeo ya CENI hayalingani na yale waangalizi wao waliyokusanya kwenye biro za kura. Umoja wa Afrika, ulioongozwa na Paul Kagame, uliomba tarehe 17 Januari matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza kwa sababu ya mashaka makubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mahakama ikakataa maombi ya Fayulu, ikamthibitisha Tshisekedi. Kisheria hapo ndipo mwisho: hakuna mahakama nyingine juu yake. Lakini sheria kufika mwisho na moyo wa mpiga kura kutulia ni mambo mawili, na kwenye baa za Makiso wiki ile wafuasi wa Lamuka walikuwa wamegeuzia televizio mgongo. Wengine walizima radio.

Viti vya wageni vilionyesha jambo hilo hilo. Rais wa nchi aliyefika ni mmoja tu, Uhuru Kenyatta wa Kenya. Wengine walituma mawaziri na mabalozi. Kijana wa toleka alicheka akisema kwamba Mugabe wa mwaka huu ni Uhuru. Mzaha, ndiyo, lakini una maana. Muungano wa Tshisekedi na Vital Kamerhe, CACH, ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 23 Novemba 2018, siku chache baada ya wawili hao kutoka katika mapatano ya Geneva yaliyokuwa yamemchagua Fayulu. Nairobi ilikuja kuona matunda yake.

Muulize mtu wa Beni au wa Butembo, atakuambia uchungu mwingine. Hao hawakupiga kura ya rais kabisa. CENI ilitangaza siku nne kabla ya uchaguzi kwamba Beni, Butembo na Yumbi watangoje mpaka mwezi wa Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa pembeni. Sasa linganisha: kati ya Tshisekedi na Fayulu, kwa hesabu ya CENI yenyewe, tofauti haifiki kura 700 000. Hakuna anayeweza kusema kura za Beni zingeenda wapi. Ila hesabu ni hesabu, na mtoto wa darasa la sita anaiona. Kwenye soko kuu la Kisangani, maharagi na vitunguu vingi vinatoka huko, vinapita barabara ya taifa namba 4. Muuzaji mmoja wa maharagi alisema dada yake wa Butembo alimpigia simu siku ya kiapo kumuuliza: «Yaya, huyo rais wenu ni namna gani?» Wenu. Hakusema wetu.

Hayo yote yamesemwa sana. Lile ambalo halijasemwa vya kutosha ni swali lililotoka kwenye saluni ya Mangobo, karibu na mwisho, wakati picha zilionyesha Kabila anaingia ndani ya motokari yake. Kijana mmoja akauliza:

«Sasa ule anaenda wapi?»

«Anaenda ku Sena,» mwanafunzi akamjibu. «Katiba inasema rais mwenye kumaliza anakuwa seneta mpaka kufa.»

«Basi hajaenda.»

Watu wakacheka sana. Ni kicheko kinachostahili kuchunguzwa.

Ni kweli, kifungu cha 104 cha katiba kinampa rais wa zamani kiti cha maisha katika Sena. Lakini kiti kimoja si kitu. Kitu ni vile vingine. Tarehe 30 Desemba wananchi walipiga kura tatu siku moja: ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa jimbo. Ile ya rais imechukua macho yote. Katika Bunge la taifa lenye viti 500, muungano wa Kabila, FCC, ulitangazwa kuwa na zaidi ya viti 300. CACH ya rais mpya ilikuwa karibu na 50 tu. Lamuka ilikuwa karibu na 100. Viti 15 vilikuwa vinangoja Beni, Butembo na Yumbi. Ili kuwa na wingi wa Bunge vinahitajika 251. Kwa maneno mengine, mtu aliyepata nafasi ya tatu katika kura ya rais alitoka katika kundi lililopata Bunge. Wananchi wale wale, siku ile ile, kwenye mashine ile ile ya kupigia kura. Jambo hilo peke yake lilifanya wengi wakune kichwa, hata wale waliocheza.

Maana yake kwa kazi ya kila siku ni hii. Kifungu cha 78 kinasema rais anamteua waziri mkuu kutoka kwenye wingi wa Bunge, baada ya kushauriana nao. Kama wingi haujulikani, rais anamtuma mtu wa kuutafuta kwa siku 30, anaweza kumwongezea 30 nyingine. Serikali ndiyo inaendesha siasa ya taifa na inatoa hesabu mbele ya Bunge. Bunge ndilo linapitisha bajeti, na ndilo linaweza kuiangusha serikali. Rais mpya aliweza kuagiza mengi, lakini pesa za kutekeleza maagizo zilikuwa zinapita katika mikono ya watu ambao hawakuwa upande wake kwenye uchaguzi. Je, walikuwa wamepatana? Maneno ya mapatano kati ya Kabila na Tshisekedi yalikuwa yanazunguka mjini tangu Januari 10. Karatasi yenyewe wananchi walikuwa hawajaonyeshwa. Ila usiku wa kabla ya kiapo Kabila alihutubia taifa na kuwaomba Wakongomani wamuunge mkono mrithi wake. Ni neno zuri. Lilikuwa pia neno la mtu ambaye wakati ule bado aliweza kuwaagiza watu zaidi ya 300 bungeni wainue mkono au wasiinue.

Kuna na jambo la miaka. Aliyetoka alikuwa na miaka 47. Aliyeingia alikuwa na miaka 55. Kwa kawaida anayestaafu ndiye mzee, hapa ilikuwa kinyume. Na Desemba 2018, alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu mwaka 2023, Kabila hakufunga mlango.

Huku jimboni ndiko mambo yanakuwa karibu zaidi na sufuria. Wabunge wa jimbo la Tshopo waliochaguliwa tarehe 30 Desemba ndio waliopaswa kuchagua gavana, na ndio waliopaswa kuchagua maseneta wanne wa jimbo. Rais anaweka tu sahihi kumsimika gavana aliyechaguliwa. Katika majimbo mengi wabunge hao walikuwa wa FCC pia. Na kila mtu Kisangani anajua, ingawa anasema kwa sauti ya chini, kwamba kura ya ugavana ni kura ya watu wachache, na penye watu wachache bahasha inatembea haraka. Hakuna televizio itakayoonyesha jambo hilo moja kwa moja. Hakuna saluni itakayochanga mafuta kwa ajili yake.

Lakini ni gavana, si rais, atakayeulizwa kwa nini barabara za Lubunga hazipitiki mvua ikinyesha, au kwa nini mtu wa ng'ambo ya mto anangoja pirogi gizani. Ni jimbo litakalopata au kukosa zile asilimia 40 za mapato ya taifa ambazo kifungu cha 175 kinazipa majimbo, na ambazo zinapaswa kukatwa hapo hapo zinapokusanywa. Katiba hiyo ilitangazwa Februari 2006. Tangu siku hiyo pesa zinapanda Kinshasa kwanza, halafu jimbo linangoja zishuke, na zikishuka zimekonda. Kama rais mpya alitaka kuonyesha kwamba kitabu alichopewa na Kabila Alhamisi si cha picha tu, kifungu hicho hakikuhitaji kubadilishwa hata neno moja. Kilihitaji kutumika. Na hapo ndipo angeona kama wale 300 wangemsaidia au wangemfunga, kwa sababu serikali za Kinshasa, ziwe za nani, hazijapenda kamwe kuachia sanduku.

Tena kuna lile fungu la kiapo ambalo watu wa mji huu walilisikia tofauti na wengine. Katika kiapo cha kifungu cha 74 rais anaahidi kulinda uhuru wa nchi na mipaka yake. Kwa mtu wa Kinshasa ni maneno ya sheria. Kwa mtu wa Kisangani ni tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Majeshi mawili ya kigeni yalirushiana mabomu juu ya nyumba za watu, na hesabu ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia zaidi ya 700 waliouawa. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilisema kwamba Uganda ilivunja sheria na inapaswa kulipa. Rwanda haikuweza kuhukumiwa, maana haikukubali uwezo wa mahakama hiyo. Siku ya kiapo ilikuwa miaka 13 tangu hukumu, kesi ya malipo ilikuwa bado iko La Haye, na wahanga wa siku sita walikuwa bado wanazeeka na makaratasi yao ndani ya mifuko ya plastiki. Baadhi walikuwa wamekufa nayo.

Marais wa nchi hizo mbili hawakuwa kwenye viti vya wageni Alhamisi. Siku moja Tshisekedi angekutana nao, hilo lilikuwa lazima, majirani hawachaguliwi. Swali la Kisangani lilikuwa kama katika faili la siku hiyo jina la mji huu lingekuwemo. Siasa ya nje ni mahali ambapo rais ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea bila kuwangoja wabunge. Kwa hiyo ni hapo, pengine kabla ya umeme na kabla ya barabara, ndipo watu wa hapa wangeweza kumpima yeye mwenyewe, bila yeye kusema kwamba FCC ilimzuia.

Yaliyokuwa yanafuata yalikuwa na tarehe, ingawa nyingine zilikuwa hazijatangazwa. Serikali ya Bruno Tshibala ilikuwa inabaki mpaka waziri mkuu mpya apatikane. Bunge jipya lilipaswa kuunda ofisi yake. Wabunge wa jimbo hapa Kisangani walipaswa kuchagua maseneta, halafu gavana. Mwezi wa Machi Beni, Butembo na Yumbi walipaswa kupiga kura za wabunge tu, kwa sababu rais wao alikuwa amekwisha kuapishwa.

Mangobo, gurupu ilizimika kabla watangazaji hawajamaliza maelezo yao. Mafuta ya kuchanga yalikuwa yameisha. Watu walibaki wamesimama gizani kidogo, bado wakibishana kuhusu lile koti la rais. Mwalimu mzee ndiye aliyewauliza kama kuna mtu anayeweza kumtajia majina ya wabunge wa jimbo waliochaguliwa kwa mji wa Kisangani. Mmoja alitaja jina moja. Mwingine alitaja la pili, lakini wenzake wakamwambia kwamba huyo alishindwa. Mwenye saluni alisema yeye alimpigia kura mtu fulani kwa sababu aliwahi kunyoa hapo, ila hajui kama alipita.

«Mutafute hayo majina,» mwalimu akasema, akichukua fimbo yake. «Nitarudia siku ya posho kunyoa.»

Vijana wa toleka wakawasha pikipiki.